Mguu Ulioachia Breki

Haya aliniambia mke wa Trei, mwezi ule mvua zilipokatika, tumekaa kibarazani kwangu tunachambua mchele. Yeye aliyapata kwa mama mkwe wake, kidogo kidogo, siku za kufua, maana kuna maneno mtu hawezi kuyatoa akitazamwa usoni, ila akiinamia beseni la povu yanatoka yenyewe. Nami nayaandika nilivyoyapokea. Palipopungua nimepaziba kwa kumjua huyo mama, kwani tumejuana tangu meno yetu yote yalipokuwa mahali pake.

Mume wa huyo mama ni fundi wa magari. Aliingia karakana ya mabasi akiwa kijana wa suruali moja, akatoka humo mstaafu, na wenzake walimwita Taratibu kwa sababu hakuna nati aliyoifunga mara moja. Akishafunga huenda akanywa maji, akarudi akaigusa. Akaenda kunawa, akarudi akaigusa tena. Madereva walimnung'unikia, lakini mwenye safari ya milimani alisubiri zamu yake kwa Taratibu hata kama mafundi wengine wamekaa bure.

Alipostaafu, maradhi ya sukari yakamshika miguu. Haikukatwa, la, ipo na inatembea, ila kutoka magotini kushuka chini imekufa ganzi, hata kiatu kinaweza kumvuka njiani asijue mpaka aambiwe na watoto. Kuendesha akaacha. Mikono ikabaki mizima, na hiyo ndiyo aliyoishikilia. Saa ya ukutani, bawaba ya mlango, redio ya jirani, vyote vilipita kwake. Zaidi ya vyote, pikapu ya mwanawe. Huyo mwanawe anasambaza mayai madukani, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Trei, na pikapu yake haikuwahi kuingia gereji ya mtu mwingine. Ilitengenezwa uani kwa baba yake, kati ya kamba ya nguo na mlango wa jiko.

Sasa, kuzitoa breki hewa kunataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedali, mwingine yuko chini kwenye gurudumu na spana yake. Wa juu anakanyaga mara kadhaa kisha anashikilia. Wa chini analegeza kinati kidogo kilicho nyuma ya gurudumu, oili na mapovu ya hewa vinatoka kwa mpira mwembamba kuingia kwenye chupa, na mguu wa yule wa juu unazama mpaka sakafuni. Hapo ndipo penye kazi: asiuinue mguu mpaka wa chini afunge kinati na kusema achia. Akiuinua mapema, breki zinavuta hewa upya, na kazi yote imekwenda na maji.

Wa juu alikuwa mama. Tangu miguu ya mzee ife ganzi, yeye ndiye aliyekuwa mguu wake. "Mimi nina mikono, mama ana mguu," mzee alipenda kuwaambia watu. "Mkituchanganya mnapata fundi mmoja na nusu."

Jumamosi moja Trei akaleta pikapu asubuhi, akasema pedali imeanza kulegea. Mzee akabadilisha pedi za mbele, akasafisha za nyuma, akaondoa oili ya zamani iliyokuwa nyeusi kama chai iliyolala. Likabaki la kutoa hewa. Mama akaitwa. Alikuwa na maharage jikoni. Akapunguza moto, akajifuta mikono, akapanda.

Wakaanza na gurudumu la mbali, la nyuma kushoto.

"Kanyaga," mzee akasema kutoka chini.

Akakanyaga.

"Tena. Tena. Shikilia."

"Nimeshika."

Mguu ukazama. Akangoja. Hakusikia kitu, akadhani mzee amemaliza, akainua.

"Nani kakwambia uachie?"

"Nilidhani umefunga."

"Ulidhani." Mzee akatoa kichwa, na kwa sauti ya kumfikia hata asiyehusika akasema, "Mke wangu, mguu wako una kiherehere kuushinda mdomo wako, na mdomo wako naujua mimi."

Jirani aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua akacheka mpaka akadondosha vibanio. Utani tu, wale wawili wametaniana tangu ujana wao. Lakini siku hiyo ulimchoma. Pengine ni joto la ndani ya gari, pengine ni kile kicheko, maana yeye na jirani huyo hawapikiki chungu kimoja. Akaapa moyoni kwamba leo hasemwi tena.

Wakarudia. Wakaenda la nyuma kulia, wakaja la mbele kushoto, bila neno. Likabaki la mwisho, la mbele upande wa dereva. Mzee aliketi kwenye kigoda karibu kabisa na mlango, na mama kutoka juu alikuwa anaiona kofia yake tu.

"Kanyaga. Tena. Tena. Shikilia."

"Nimeshika."

Mguu ukazama, na papo hapo harufu ya maharage yanayoungua ikaingia dirishani. Aligeuza shingo tu, kutazama mlango wa jiko. Kiwiliwili kikaifuata shingo, na mguu ukakifuata kiwiliwili. Akasikia chini fyuu, kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija. Akakandamiza tena upesi.

Kofia ikatulia. "Umeshika?"

Neno lenyewe lilikuwa jepesi. "Nimeshika."

"Nimesikia kitu."

"Mimi sijasikia."

Kofia ikatikisika kidogo, spana ikafunga. "Basi ni masikio yangu. Au nimechelewa kufunga. Achia. Haya, ijaribu sasa. Ngumu?"

Swali hilo alimuuliza kila mara, kwa sababu mguu wa mzee mwenyewe usingeweza kujibu. Mama akakanyaga. Ilikuwa ngumu, halafu mwishoni kabisa ikabonyea, kidogo tu, kama parachichi linaloanza kuiva. Maharage yanaungua. Jirani bado yuko kwenye kamba yake.

"Ngumu," akasema, akashuka kwenda kuokoa sufuria.

Jumatatu asubuhi Trei akapakia mayai, akamweka binti yake mbele ili amshushe shuleni. Binti huyo yuko darasa la pili, ndiye mjukuu pekee, na bibi yake humwita mke mwenzangu. Kwenye mteremko wa kushukia shule Trei akakanyaga breki, ikashika. Akakanyaga tena, ikashika shingo upande. Akakanyaga tena, pedali ikaenda mpaka chini kama anakanyaga shuka. Mbele yake watoto wanavuka. Akakata kona, akaingia kwenye lundo la mchanga la watu waliokuwa wanajenga, na lundo hilo ndilo lililowaokoa. Waliokuwa wanavuka hawakuguswa. Mayai yakawa uji huko nyuma, na binti akagonga kidevu kwenye dashibodi, akashonwa.

Pikapu ikaletwa uani ikivutwa kwa kamba. Trei bado alikuwa na mchanga kwenye nywele. Ni kijana mpole, lakini hofu ikimtoka mtu huwa inatoka na maneno.

"Baba, siku nyingine usiguse gari langu. Nitalipeleka kwa mtu anayeona."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Maneno yalikuwa tayari kinywani, ni mguu wangu, mwanangu, si baba yako. Yakafika kwenye meno yakageuza.

"Umesema kweli," mzee akajibu polepole. "Niliisikia hewa ikiingia. Niliisikia kwa masikio yangu haya, nikajifanya sikusikia. Mikono imekwisha."

Akaitazama hiyo mikono kama vitu alivyoazimwa na mtu.

Tangu siku hiyo Taratibu hakugusa kitu. Bomba la uani likaanza kuvuja, tone, tone, tone. Zamani lisingemaliza siku. "Mwite fundi," mzee akasema. Bawaba ya jikoni ikalia. "Mwite fundi." Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, gari ameligeuzia mgongo, na mama akitoka na ndoo anampita kama mwizi anavyopita kituo cha polisi.

Alijaribu. Siku moja kwenye chai akaanza, "Mzee, siku ile ya breki..."

"Breki usinitajie, mama. Chai inanipalia."

Siku nyingine alimpelekea maji ya moto bafuni, akasimama nje ya mlango akajikaza, akafungua mdomo. Akamsikia mzee ndani anajimwagia na kukohoa, na kilichomtoka ni, "Sabuni unayo?"

"Ninayo."

Akarudi jikoni amejichukia. Lile neno la Jumamosi lilikuwa dogo. Lingesemwa siku ile ile, lingeishia kwenye utani mwingine na kicheko kingine cha jirani. Lakini kila siku aliyolilaza liliamka limenenepa.

Ijumaa mjukuu akaletwa kuwasalimu, bandeji kidevuni. Akamfuata bibi jikoni.

"Babu anasema nimeota ndevu. Anasema hajawahi kupata mchumba mwenye ndevu."

"Mwongo huyo," bibi akasema, anachambua mboga.

"Bibi, mbona hunitazami?"

"Nakutazama, mke mwenzangu."

"Unatazama mboga."

Akainua macho. Bandeji ilikuwa nyeupe, imebanduka kidogo pembeni. Akainuka akasema vitunguu vimemwingia machoni, na vitunguu siku hiyo havikuwapo.

Kesho yake mzee akalitoa sanduku lake la spana. Ni la chuma, alilichomelea mwenyewe, na kila spana imevikwa kitambaa, na kila kitambaa kilikuwa gauni la mama lililochakaa. Hiki cha bluu alikivaa akiwa na mimba ya Trei. Hiki cha maua ni cha harusi ya dada yake. Mzee alikuwa anazivua spana moja moja, anazifuta, anazivika tena, kama anayeandaa watoto kwenda kukaa kwa watu.

"Unafanya nini?" mama akauliza, ingawa alikuwa anaona.

"Kesho Trei anakuja na kijana wa gereji ya pale kona, wanalivuta gari. Sanduku nalo liende. Yule kijana ana mikono mizuri."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa."

Akasema hivyo bila uchungu, na hilo ndilo lililomkata mama maini.

Jumapili asubuhi mzee alikuwa anapiga mswaki kwenye bomba lile linalovuja. Mama akamjia, na hata ndoo hakuiweka chini.

"Mzee, niliachia mimi."

"Uliachia nini?"

"Breki. Gurudumu la mwisho. Ulipofungua, mimi niliinua mguu. Ukaniuliza nikasema nimeshika, sikuwa nimeshika. Ukaniuliza ngumu, nikasema ngumu, na haikuwa ngumu."

Alitegemea radi. Mzee akasukutua, akatema, akajifuta mdomo kwa kiganja, akamtazama kwa huruma.

"Asante, mama," mzee akasema. "Lakini acha."

"Niache nini?"

"Kunipaka mafuta. Tangu niugue unanisemea uongo mtamu. Ulisema shati la kijani bado linanitosha, nikaenda nalo msibani, vifungo vikaruka mbele ya wafiwa. Ulisema daktari kasema ninaendelea vizuri, kumbe daktari mwenyewe hukumwona. Leo unataka kunibebea breki. Hazibebeki hizo."

"Haki ya Mungu, sikupaki mafuta."

"Basi mbona hukusema siku ile Trei aliposema?"

Mama akaitazama ndoo yake. Mzee akaona hilo limemaliza shauri, akampigapiga begani, akaenda kutafuta kigoda chake.

Mama akabaki na ndoo yake. Miaka yote hiyo alidhani uongo wa huruma hauna gharama, kumbe umeyamaliza maneno yake nguvu kama sabuni iliyosahauliwa majini. Leo ana ukweli mmoja tu mkononi, na hakuna anayeupokea. Akaiweka ndoo chini. Akaenda kwenye pikapu, akapanda, akafunga mlango kwa kishindo.

"Njoo na spana," akaita. "Gurudumu moja tu, la mwisho. Nikiwa mwongo, mpe kijana sanduku, na mimi mnipakie juu yake."

"Sitaki."

"Basi nitakaa humu mpaka wageni waje, na nitawaambia umenifungia."

Jirani akachungulia juu ya ua. Mzee anachukia kuchunguliwa kuliko kuumwa jino. Akaja.

Aliinua gari kwa jeki kama anayetumikia kifungo. Lakini ile mikono aliyosema imekwisha ilitoa gurudumu bila yeye kuitazama, ikapachika mpira, ikaweka spana mahali pake. Kofia ikatulia pale pale ilipotulia Jumamosi ile.

"Kanyaga. Tena. Tena. Shikilia."

"Nimeshika."

Kinati kikalegea, mguu ukazama. Mama akageuza shingo kutazama mlango wa jiko, ambako leo hakukuwa na kinachoungua, akaacha kiwiliwili kifuate, na mguu ukifuate kiwiliwili.

Fyuu.

Kofia haikusogea. Bomba likadondosha tone, na lingine.

"Rudia," mzee akasema.

Akarudia. Fyuu.

"Ndio huo." Sauti ya mzee ilikuwa imekauka. "Mlio ule ule. Na mkono wangu haujatikisika." Akafunga kinati. "Shuka."

Akashuka. Mzee alikuwa bado kwenye kigoda, spana mkononi, na usoni pake huruma ilikuwa imeondoka. Mama akaona afadhali.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia umeshika."

"Nilikuambia."

"Kwa nini?"

"Maharage yalikuwa yanaungua."

"Maharage."

"Na ulikuwa umeshanisema mbele ya jirani. Sikutaka kusemwa tena."

Alipoyasikia maneno hayo yametoka nje, juani, akaona yalivyo madogo. Alikuwa ameyabeba kama mzigo wa kuni, kumbe yanaenea kwenye kijiko.

"Nimekaa kwenye kigoda hiki kama gunia lililosahauliwa na mwenyewe," mzee akasema. Hakupandisha sauti. "Bomba linavuja, unalisikia. Mwanangu ananiambia sioni, na wewe umesimama pale na mwiko. Ukaniacha niseme mikono imekwisha. Ukaniacha nifunge spana zangu, tena kwenye nguo zako."

"Nimekosa."

"Na mtoto."

"Najua."

"Sijui kama unajua. Mimi kila nikilala naota ule mchanga haupo."

Mama naye alikuwa anaota hivyo hivyo, upande wa pili wa kitanda hicho hicho, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Mzee akainuka, akaenda mpaka kwenye bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu mpya. Akarudi, akampita mama, akaingia ndani. Mama akadhani amekwenda kujilaza, na sasa kimya kitakachoanza kitakuwa cha aina nyingine. Mzee akatoka na chupa mpya ya oili ya breki, bado imefungwa.

"Ile ya mwanzo imekaa wazi tangu siku ile," akasema bila kumtazama. "Imeshakunywa unyevu. Panda."

Wakaanza upya na la nyuma kushoto. Tone la oili likaangukia rangi ya gari, mzee akalimwagia maji upesi kabla halijaila. Hakutania. Kanyaga, tena, shikilia, achia, basi. Mama alikuwa anakanyaga kama anayekula kiapo.

Kwenye gurudumu la tatu msuli wa paja ukamkaza ghafla. Mguu umezama, mzee hajasema achia, na paja linajisokota kama nguo inayokamuliwa. Ukamponyoka.

Jirani yuko pale pale, anajifanya anapepeta kitu.

"Nimeachia," mama akasema, kwa sauti ya kumfikia hata jirani.

Kofia ikatulia. Akangoja.

"Haya," mzee akasema. "Unyooshe kwanza. Tunarudia."

Walipomaliza la mwisho akamuuliza, kama kawaida, "Ngumu?"

Mama akakanyaga, akangoja, akasikiliza kwa unyayo, akakanyaga tena.

"Ngumu. Toka juu mpaka mwisho."

Mzee akaenda akanywa maji, akarudi akakigusa kinati.

Trei alipofika na kijana wa gereji mwenye kamba begani, na binti yake akifuata nyuma, mama hakungoja hata salamu ziishe. Aliyasema pale pale uani, jirani akisikia, kama alivyomwambia mzee. Maharage hakuyataja.

Trei akamtazama mama yake, akamtazama baba yake, akatazama viatu vyake.

"Mimi nilimwambia baba haoni."

"Ulimwambia," mama akasema. "Na mimi nilikuwepo."

"Baba..."

"Jaribu gari kwanza," mzee akasema. "Mengine baadaye."

Trei akapanda. Mama akazunguka, akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi pale alipokuwa ameketi mjukuu wake.

"Wewe unakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Ninakwenda nayo. Mteremko ule ule."

Mzee akamtazama kupitia kioo, muda kidogo, halafu akapisha njia.

Trei alikanyaga breki juu ya mteremko, akakanyaga katikati, akakanyaga chini kabisa, na kila mara pikapu ilisimama palepale, hata viganja vya mama vikagonga dashibodi, mahali penye alama ndogo ya siku ile. Lundo la mchanga lilikuwa limepungua. Wenyewe walikuwa wameendelea kujenga. Mama akaligeukia, akaligeukia tena walipopita. Walipoanza kupanda, Trei akabadilisha gia.

"Zinashika kuliko zamani," akasema.

Mama akatazama nje ya dirisha.

Waliporudi walimkuta kijana wa gereji amekalia sanduku la spana, anakunywa chai.

"Kwa hiyo mimi leo nimekuja kutembeza kamba," akasema.

"Ondoka juu ya sanduku langu," mzee akamwambia. Trei akaliinua kwa mikono miwili, akalirudisha ndani, na alipotoka alisimama mbele ya baba yake akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Mzee akaitikia kwa kichwa, akamfuta mchanga begani, mchanga ambao haukuwapo tena.

Mjukuu muda wote huo alikuwa anayapima mambo. Akamjia bibi, akainua kidevu.

"Bibi, kwa hiyo hizi ndevu ni zako?"

"Ni zangu, mke mwenzangu."

"Zinawasha."

"Nisamehe."

Mtoto akafikiri. "Nitakwambia kesho," akasema, akakimbilia kwa babu yake.

Wageni walipoondoka, jua lilikuwa bado kali. Mzee alikula, akaenda kujilaza. Mama akaosha vyombo, akavikausha kimoja kimoja, akavipanga, na vilipokwisha akakosa kisingizio, akamfuata. Mzee alikuwa amegeukia ukutani. Huko nje bomba, tone, tone.

"Nitalitazama kesho," mzee akauambia ukuta.

Mama akalala chali. Mwili ulikuwa umechoka, macho makavu. Alikuwa amesema yote, kwa wote, na bado usingizi haukuja. Hakuambiwa amesamehewa, naye hakuona haki ya kuuliza. Akakiona kidevu cha mtoto. Akawaona watoto wanavuka. Akauona mgongo ulio mbele yake, umekaa kwenye kigoda siku zile zote.

"Unakanyaga nini?" mzee akauliza, hajageuka.

"Wapi?"

"Kitanda kinasukumwa."

Akatazama miguuni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka, unyayo umekandamiza ubao wa kitanda, umekaza mpaka mishipa imesimama. Hakujua tangu lini.

"Nimeshika," akasema kidogo, kabla hajajua anasema nini.

Mzee akajivutia shuka mpaka begani.

"Nimeshafunga," mzee akasema. "Achia."

Akaachia. Mguu ukarudi taratibu, ukajikunja chini ya shuka. Mzee akaanza kukoroma kwa namna yake, anavuta pumzi, anasita kama aliyerudi kuhakikisha, anavuta tena. Mama akalisikia tone moja la bomba, akalisikia la pili, akawa anangoja linalofuata, na kabla halijaanguka naye akalala.